The African Queen (filamu)

The African Queen (yaani "Malkia wa Afrika") ni filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na Mmarekani John Huston. Imetokana na riwaya ya mwandishi Mwingereza C. S. Forester iliyotolewa mwaka 1935. Waigizaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi yake inatokea mnamo Septemba 1914 katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara.

Ni filamu ya vita, lakini mtazamaji hucheka mara nyingi kuliko anavyoogopa. Kiini chake ni kisasi: mwanamke mmisionari ambaye kaka yake amekufa kwa sababu ya Wajerumani anaamua kuizamisha meli yao kubwa ya kivita, akiwa na silaha alizotengeneza mwenyewe na mashua kuukuu inayovuja. Filamu za namna hii, zinazochanganya kifo na mzaha katika vita dhidi ya Wajerumani, zipo nyingi. Ernst Lubitsch alitengeneza "To Be or Not to Be" mwaka 1942, na Quentin Tarantino alitoa "Inglourious Basterds" mwaka 2009. Hizo mbili zinahusu Wanazi wa Ulaya. The African Queen inahusu Wajerumani wa vita iliyotangulia, na uwanja wake ni kwetu.

Msomaji wa Tanzania ana sababu nyingine ya kuifahamu. Tukio lililo nyuma yake lilitokea kweli katika Ziwa Tanganyika, na wakati huohuo vita vya meli ndogo vilipiganwa pia katika Ziwa Viktoria, kwenye mwambao ambao leo ni wa mkoa wa Mara.

Muhtasari wa hadithi

Rose Sayer (Hepburn) na kaka yake mchungaji Samuel Sayer (Robert Morley) ni wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza. Wanaishi katika kijiji cha kubuniwa kiitwacho Kungdu. Filamu inaanza ibadani. Rose anakanyaga kinanda kwa nguvu zake zote, kaka yake anaongoza wimbo huku jasho likimtiririka, na waumini wanapaza sauti kila mmoja kwa namna yake, wakifuata wimbo wasiouelewa. Katikati ya kelele hizo inasikika honi ya mashua. Charlie Allnut (Bogart), fundi mitambo anayesambaza barua na mizigo mtoni kwa mashua ya mvuke iitwayo African Queen, amefika. Anakaribishwa chai. Mezani tumbo lake linanguruma mfululizo, na wenyeji wake, watu wa adabu, wanajitahidi kuonekana kana kwamba hawajasikia kitu.

Charlie ndiye anayewaletea habari kwamba Uingereza na Ujerumani zimeingia vitani. Baada ya yeye kuondoka, Wajerumani wanafika na askari wao. Nyumba za kijiji zinachomwa moto na wanakijiji wanaswagwa kama mifugo kwenda kuwa askari na wapagazi. Samuel anajaribu kuzuia, anapigwa kitako cha bunduki. Haponi tena. Akili inamruka, homa inampanda, na siku chache baadaye anakufa. Charlie anaporudi anamsaidia Rose kumzika, kisha wanaondoka pamoja kwa mashua.

Mpango wa Charlie ni wa mtu mwenye busara ya kawaida: kutafuta mahali pa kujificha mtoni, penye maji na kivuli, mpaka vita viishe. Rose anamuuliza mashua imebeba nini. Imebeba baruti za kupasulia miamba na mitungi ya gesi. Anauliza tena kama mtu anaweza kutengeneza topido. Charlie anacheka, anaeleza kwa nini haiwezekani, na kadiri anavyozidi kueleza ndivyo inavyozidi kuonekana kwamba inawezekana. Mto unateremka hadi ziwani, na ziwani kuna meli ya Kijerumani iitwayo Louisa inayowazuia Waingereza kuvuka. Mwanamke aliyekuwa akipiga kinanda kanisani sasa anabuni bomu.

Sehemu ndefu ya filamu ni safari ya kuteremka mto. Wanapita chini ya ngome ya Kijerumani wakipigwa risasi. Wanapita maporomoko ya maji. Charlie anatarajia kwamba hofu itamtoa Rose wazo lake, kumbe yeye anatoka pale uso unang'aa na kusema hajawahi kupata raha kama ile. Charlie analewa na kumtukana. Asubuhi Rose anamwaga pombe yake yote mtoni, chupa moja baada ya nyingine, kimya kimya, huku yeye akitazama kwa macho ya mfiwa. Rafadha inavunjika na mhimili wake unapinda, wanautoa na kuunyoosha kwa moto ufukoni. Mapenzi yanaanza. Halafu wanapotea kwenye matete, Charlie anashuka majini kuikokota mashua kwa kamba na anatoka amejaa ruba mwilini. Anarudi majini tena, kwa sababu hakuna njia nyingine. Hapo ndipo filamu inapoacha kuchekesha kwa dakika chache. Wamelala chini wakisubiri kufa, na kamera inapanda juu taratibu kumwonyesha mtazamaji kwamba ziwa liko hatua chache tu mbele yao. Mvua inanyesha usiku, maji yanajaa, mashua inaelea yenyewe hadi ziwani.

Topido zinafungwa kwenye pua ya mashua. Usiku wa kushambulia dhoruba inapiga, African Queen inapinduka, na wote wawili wanakamatwa. Nahodha wa Louisa anawahukumu kunyongwa. Rose, anapoona hakuna cha kupoteza, anaeleza mpango wao wote kwa fahari, na nahodha anakataa kuamini kwamba kuna mtu anayeweza kuupita mto ule. Charlie anaomba jambo moja: wafungishwe ndoa kwanza. Nahodha anakubali, anawatangaza kuwa mume na mke, na bila kuvuta pumzi anaamuru kunyongwa kuendelee. Kabla kitanzi hakijakaza, Louisa inaigonga African Queen iliyokuwa ikielea kifudifudi na topido zake bado zipo. Meli inalipuka. Maharusi wanaogelea kuelekea ufukoni wakiimba.

Riwaya haimaliziki hivyo. Kwa Forester, Wajerumani wanawakabidhi mateka wao kwa Waingereza, na meli inazamishwa na boti za jeshi la Uingereza, siyo na Rose. Kisasi chake kinanyang'anywa na serikali yake mwenyewe. Huo ni mwisho mchungu zaidi, na pengine wa kweli zaidi, lakini Huston alijua kwamba watu waliokaa ukumbini karibu saa mbili wakimtazama mwanamke huyu akivumilia mbu, jua na risasi wasingemsamehe kama meli ingezamishwa na mtu mwingine.

Kuhusu jiografia, mwanafunzi asiichukue filamu kama ramani. Mto wa hadithi unaitwa Ulanga, na jina hilo ni la kweli. Ni jina la mto na wilaya katika mkoa wa Morogoro. Lakini maji ya Ulanga halisi huingia Rufiji na kumalizikia Bahari ya Hindi. Hayaendi ziwa lolote.

Wajerumani wa 1914 kwa macho ya 1951

Filamu ilitoka miaka sita tu baada ya kushindwa kwa Hitler. Watazamaji wa London na Los Angeles walipoona askari wa Kijerumani wakichoma kijiji, hawakufikiria gavana Heinrich Schnee wala Paul von Lettow-Vorbeck. Walifikiria waliyoyaona wenyewe kati ya 1939 na 1945. Ndiyo sababu Wajerumani wa filamu hii hawana historia ya kikoloni. Hawana Majimaji nyuma yao, hawana kodi ya kichwa wala viboko. Ni adui tu, anayekuja, anachoma na kuondoka.

Zaidi ya hayo, kati ya watu walioitengeneza walikuwamo waliokimbia Wanazi. Mtayarishaji Sam Spiegel alikuwa Myahudi mzaliwa wa Galisia aliyefanya kazi Berlin na kuondoka mwaka 1933. Mtunzi wa muziki, Allan Gray, alizaliwa Tarnów kwa jina la Józef Żmigrod, naye aliikimbia Ujerumani mwaka huohuo. Theodore Bikel, kijana anayeigiza ofisa wa kwanza wa Louisa, alikuwa Myahudi wa Vienna ambaye familia yake ilihama baada ya Hitler kuitwaa Austria mwaka 1938. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, na kazi aliyopewa ilikuwa kuvaa sare ya ofisa wa Kijerumani na kusimamia mashtaka. Anaifanya kwa umakini wa kuchekesha, kama karani anayejali zaidi karatasi zake kuliko roho za watu. Ni vigumu kuamini kwamba hakujua alichokuwa anakifanya.

Tanganyika nayo ilikuwa na sehemu yake katika vita hiyo ya pili. Kabla ya 1939 walowezi wa Kijerumani nchini walikuwa na matawi ya chama cha Nazi, na vita vilipotangazwa wanaume wao walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Vijana wa Kitanganyika waliingizwa King's African Rifles, wakapelekwa kupigana na Waitalia Ethiopia na baadaye na Wajapani Burma. Wengine walitoka katika vijiji vya kanda ya ziwa na wakarudi huko.

Tukio halisi: Ziwa Tanganyika

Louisa haikuwahi kuwapo. Meli iliyompa Forester wazo ni Graf von Götzen, iliyotengenezwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni ya reli mpya ya kati na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Kwa ziwa lile ilikuwa jitu.

Waingereza hawakuwa na meli yoyote humo. Walichofanya kinashinda filamu kwa vituko. Mwaka 1915 walituma boti mbili ndogo za injini kutoka London hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli hadi Kongo ya Kibelgiji, kisha zikakokotwa porini na matrekta ya mvuke, ng'ombe na mamia ya watu, na hatimaye kwa mto na reli hadi ufuko wa magharibi wa ziwa. Boti hizo ziliitwa Mimi na Toutou. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa ofisa wa majini mwenye rekodi mbaya na majivuno makubwa, aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Hata hivyo alishinda. Tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka boti ya Kijerumani Kingani na kuipa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 aliizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe ilipotokea hakuthubutu kuishambulia.

Mwisho wa Götzen haukuletwa na topido. Wabelgiji walipokaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nene ili siku moja ifufuliwe. Ikafufuliwa kweli, ila na Waingereza, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ndiyo MV Liemba inayojulikana Kigoma hadi leo. Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Watu wengi husema Liemba iliigiza katika filamu. Haikuigiza. Ilikuwa ikifanya safari zake za kawaida huku wenzake wakipata umaarufu.

Ziwa Viktoria na mwambao wa Mara

Wakazi wa Musoma wakitaka kuona vita vya filamu hii vilivyokuwa kweli, hawana haja ya kwenda Kigoma. Vita vilipoanza Agosti 1914 Waingereza walikuwa na kundi zima la meli Ziwa Viktoria, zilizoletwa vipande vipande kwa reli ya Uganda hadi Kisumu: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Kavirondo na nyinginezo. Zilikuwa meli za abiria, pamba na ngozi. Zilifungwa mizinga na kuitwa meli za kivita. Wajerumani walikuwa na kimeli kimoja cha maana, Muansa, kilichopewa jina la mji wa Mwanza kwa tahajia yao.

Kwa hiyo ziwa hili lilikuwa kinyume cha lile la filamu. Mwenye nguvu majini alikuwa Mwingereza na aliyejificha kwenye ghuba na matete alikuwa Mjerumani. Septemba 1914 kikosi cha Kijerumani kilivuka mpaka upande wa kaskazini na kupigana na Waingereza Kisii, na Winifred ilikutana na Muansa katika ghuba ya Karungu. Kituo cha Wajerumani kilichokuwa karibu zaidi na mpaka kilikuwa Shirati, ambayo leo iko wilaya ya Rorya. Waingereza walishuka hapo Januari 1915.

Kisa kinachofanana zaidi na filamu ni cha Majita. Novemba 1914 Sybil iligonga mwamba na kukwama katika mwambao wa Majita, kusini mwa mji wa Musoma, mahali ambapo leo ni Musoma Vijijini. Mabaharia waliiacha. Meli ya adui ikakaa ufukoni kwa miezi kadhaa katika nchi ya Wajita, haina mwenyewe, Wajerumani hawawezi kuitumia na Waingereza hawawezi kuilala usingizi. Mei 1915 Waingereza walirudi na askari, wakalinda ufuko huku mafundi wakiziba matundu, wakaivuta hadi Kisumu, nayo ikarudi kazini. Kama Forester angelijua ziwa hili vizuri zaidi, angepata riwaya nyingine hapo.

Mwezi uliofuata Waingereza walivamia Bukoba kwa meli, wakaangusha mnara wa simu za upepo, wakapora mji na kuondoka. Juni 1916 waliitwaa Ukerewe, kisiwa ambacho msafiri wa leo hukifikia kwa kivuko kutoka Kisorya, wilaya ya Bunda. Kutoka hapo Mwanza haikuwa mbali. Ilianguka tarehe 14 Julai 1916, na Wajerumani wakaizamisha Muansa wenyewe kabla ya kukimbilia kusini.

Katikati ya mambo hayo maisha ya wenyeji yalikuwa yakiamuliwa na yeyote aliyekuwa na bunduki siku hiyo. Mwaka 1915 huko Butiama Nyerere Burito alifanywa mtemi wa Wazanaki na utawala wa Kijerumani. Mwaka uliofuata waliomteua walikuwa wameondoka, na alilazimika kushughulika na mabwana wapya. Aliendelea na utemi hadi kufa kwake mwaka 1942, na mwanawe Julius alizaliwa 1922 chini ya Waingereza.

Kisasi cha nani?

Hapa ndipo filamu inapostahili kuulizwa maswali. Nyumba zinazochomwa Kungdu ni za wanakijiji. Wanaochukuliwa kwa nguvu ni wanakijiji. Wanaofukuzwa kutoka mashamba yao ni wanakijiji. Lakini kisasi ni cha Rose, kwa ajili ya kaka yake na kwa ajili ya Uingereza. Baada ya dakika za mwanzo, hatuwaoni tena watu wa Kungdu, wala hakuna mtu katika filamu anayeuliza walikopelekwa. Katika orodha ya waigizaji hakuna jina la Mwafrika hata mmoja. Hata kicheko cha ibadani kina upande wake. Charlie anatupa kipande cha sigara na waumini wanakigombania, na mtazamaji anatarajiwa kuona hilo ni jambo la kufurahisha.

Historia inaweza kujaza pengo hilo. Vita vya Afrika ya Mashariki havikubebwa na mashua za mvuke, vilibebwa kichwani. Malori hayakuweza kupita, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilihitaji mtu. Pande zote zilikusanya wapagazi, kwanza kwa mshahara, baadaye kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza pekee makadirio ya wapagazi waliokufa yanafika zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kutoka jina hilo Waswahili walipata Kariakoo, soko la Dar es Salaam, na Nairobi wakapata Kariokor. Msomaji anayenunua vitenge Kariakoo anasimama mahali palipoitwa kwa jina la wapagazi hao.

Inafaa kusema pia kwamba uchomaji wa vijiji haukuwa desturi ya Wajerumani peke yao. Majeshi yote yaliyopita yalichukua chakula, na lililoshindwa kukichukua mara nyingi lilikiharibu ili adui asikipate. Filamu ingeweza kuonyesha bendera nyingine juu ya moto uleule. Lakini hiyo isingekuwa filamu ya kuchekesha, na wala isingetengenezwa London mwaka 1951.

Pamoja na hayo, si haki kuitupa. Inawacheka Wazungu wake bila huruma: mchungaji anayejali zaidi nani amepandishwa cheo kanisani Uingereza, ofisa anayetaka mashtaka yaandikwe sawasawa kabla ya kunyonga, na Charlie anayeigiza viboko na nyani ili mpenzi wake acheke. Na Rose mwenyewe, anayeitwa shujaa, ni mtu aliyeanza kufurahia kuua bila kuacha kusali. Huston hakulificha hilo.

Utengenezaji

Kazi kubwa ya upigaji picha ilifanyika mwaka 1951 mahali pawili Afrika. Kwanza ni Kongo ya Kibelgiji, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville (leo Ubundu), ambako kambi ilijengwa porini na wafanyakazi wa huko. Siafu walivamia kambi, na mashua yenyewe ilizama ikabidi ivutwe kutoka chini. Kisha kikundi kilihamia Uganda, katika maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba kwenye Ziwa Albert, ambako kijiji cha Kungdu kilijengwa ili kichomwe. Louisa iliigizwa na Buganda, meli ya kuvuta ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki iliyokuwa ikifanya kazi Ziwa Viktoria.

Karibu watu wote waliugua. Hepburn, aliyekunywa maji kwa bidii ili kuwaonyesha wanaume walevi mfano mwema, aliharisha vibaya kuliko wote. Katika tukio la kanisani ndoo iliwekwa pembeni kwa ajili yake kati ya picha moja na nyingine. Bogart na Huston, waliokunywa wiski na kula vyakula vya makopo, hawakuugua. Watu wa afya wasiitumie habari hii katika mihadhara yao.

Matukio ambayo waigizaji wanaingia majini yalipigwa kwenye matangi ya studio ya Isleworth, London, kwa kuogopa kichocho. Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa sababu. Hata ruba walio mwilini mwa Bogart ni wa mpira, maana alikataa katakata wa kweli. Kutetemeka kwake, kwa hiyo, ni sanaa tupu, na pengine ndiyo iliyompa tuzo.

Mpiga picha Jack Cardiff alitumia kamera kubwa za Technicolor, nzito mno kwa mashua ndogo, na ilibidi kutengeneza majahazi ya kuzibebea. Huston naye alikuwa na hamu kubwa ya kuua tembo, hata kazi ikawa inamsubiri. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika mswada, aligeuza hamu hiyo kuwa riwaya, "White Hunter, Black Heart" (1953), ambayo Clint Eastwood aliitengenezea filamu mwaka 1990. Hepburn aliandika kumbukumbu zake za safari hiyo mwaka 1987.

Mapokezi

Filamu ilionyeshwa kwanza Los Angeles mwishoni mwa Desemba 1951 ili iwahi mashindano ya Oscar ya mwaka huo. Bogart alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, ya pekee maishani mwake, akimshinda Marlon Brando. Hepburn, Huston kama mwongozaji, na James Agee pamoja na Huston kama waandishi wa mswada waliteuliwa bila kushinda. Mwaka 1994 iliingizwa katika hifadhi ya taifa ya filamu ya Marekani, na nakala iliyosafishwa upya ilitolewa mwaka 2010.

Mashua iliyoigiza African Queen ilijengwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, kwa jina la Livingstone, na ilifanya kazi halisi ya mizigo na abiria katika Ziwa Albert miaka mingi kabla na baada ya filamu. Sasa iko Key Largo, Florida, ambako ilifanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2012. Hubeba watalii wanaolipa ili kukaa pale alipokaa Bogart.